Mdomo wa Chome Kwenye Shuka Jeupe

Benchi letu pale Msambweni lilikuwa mlango. Nyumba yake ilibomoka siku nyingi, mlango ukabaki mzima, wakaung'oa bawaba na kuulaza juu ya mawe mawili ya matumbawe mbele ya cherehani ya Kavumbi. Upande wa kulia alikaa Mbwana na dele lake la kahawa; upande wa kushoto nilikaa mimi na karai langu la kaimati, nimewapa mgongo nusu na sikio zima. Mwanamke hakai kijiweni, walisema. Nami sikukaa kijiweni. Nilikuwa nakaanga, na kijiwe ndicho kilichokuja kukaa karibu nami kwa ajili ya harufu. Mwaka ule wa hamsini na tano ndipo gari la sinema la serikali lilipomwachisha Chome mkewe, au halikumwachisha, na hilo ndilo lililobishaniwa siku ninayoisema mpaka kahawa ikaisha.

Siku hiyo Kavumbi alishuka basi la Likoni macho mekundu. Tulimwita Tiketi, kwa sababu kila akienda Mombasa kununua nyuzi alirudi na nyuzi chache na vipande vingi vya tiketi za sinema. Kihindi hakijui, Kiarabu cha Misri hakijui, Kiingereza anajua "stop" na "thank you". Lakini alidai kwamba mtu akifungua mdomo kwenye shuka la sinema, yeye anajua anachosema, maana amesoma midomo ya watu wa dunia nzima.

Tiketi: Asalaam aleikum.

Hakimu: Waaleikum salaam. Umeleta uzi gani safari hii?

Huyu Hakimu ndiye Mbwana mwenye dele. Alikuwa tarishi kwenye mahakama ya mudiri, mkubwa wa serikali hapa mjini, akasimama nje ya mlango miaka mingi, na sheria yote anayoijua ni ile iliyopenya kwenye ufa.

Tiketi: Uzi mweupe. Na sinema nne.

Depo: Zitaje, yakhe, tuendelee na kazi.

Kazi gani, sijui. Depo jina lake ni Rai, Mduruma, aliyekuwa kibarua kwenye depo, ghala kubwa la jeshi kule Mackinnon Road, mpaka askari walipoondoka. Kila kitu duniani alichoambiwa, alikipima kwa depo.

Tiketi: Ya kwanza ya Kihindi. Mtu anazama mtoni, mchumba wake yuko ukingoni, anamwimbia. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa sita. Angenyosha mkono tu! Nimelia. Narudia kuitazama.

Depo: Unamlilia mjinga?

Tiketi: Ujinga ni wake. Sauti ndiyo iliyoniliza. Ya pili ya Kimisri. Daktari anampenda mgonjwa, mgonjwa anampenda mpiga udi. Kila nyumba ina simu na ngazi, jiko hakuna. Watu wanaishi kwa machozi na sharubati. Sirudii. Ya tatu, ya wapanda farasi wa Marekani. Wamekufa watu kama kumbikumbi na kofia haikuanguka hata moja. Narudia, kwa ajili ya farasi.

Mimi: Na ya nne?

Tiketi: Ya nne si hadithi, Bi Chiku, ni ya mambo ya kweli. Walianza nayo watu wakiwa bado wanatafuta viti. Kahawa ya bara. Wamechuma, wamemenya, wameosha, wameanika, wamepakia melini. Hakuna hata mmoja aliyekunywa.

Hakimu: Hata mmoja?

Tiketi: Nimetazama mpaka mwisho. Sirudii.

Hakimu akamimina kikombe, akakinywa mwenyewe, kana kwamba anamkomoa mtu.

Hapo ndipo Chome alipofika. Chome ni mkwezi wa minazi, mtu wa miguu mipana na maneno machache. Siku hizo alikuwa analala kwa Depo, kwenye gunia.

Chome: Shikamoo, Bi Chiku.

Mimi: Marahaba. Umekula?

Chome: Chakula hakipiti.

Nilimpa kaimati zilizoungua. Zilipita.

Chome: Mwalimu wa chuo cha Kurani anakuja baada ya alasiri kuamua. Anataka shahidi. Tiketi, shahidi ni wewe.

Kwa asiyekuwapo, habari yenyewe ni hii. Mwaka mmoja nyuma alikuja mzungu na mashine ya miguu mitatu, kupiga sinema ya kuwafundisha watu kuchimba vyoo. Hadithi yake ilikuwa nyepesi kama maji ya kunawa. Mume hataki kuchimba choo, watoto wanaumwa matumbo, mke anateta, mume anakasirika anampa talaka. Anakuja bwana afya, mume anatubu, choo kinachimbwa, mke anarudi, na wote wanasimama kando ya choo wakicheka. Mume alichaguliwa Kavumbi, kwa kuwa hakuna aliyeijua sinema kama yeye na tena alikuwa na suruali. Mke alichaguliwa Mwanapili, mkewe Chome, kwa kuwa hakuogopa kumtazama mtu usoni. Ndipo Mzee Boga, mjomba wa Mwanapili, alipoinuka akapinga. Mtoto wa dada yake hatakaa mkeka mmoja na mwanamume wa kando, hata kwa uongo, hata kwa serikali! Ikiwa lazima awe na mume kwenye sinema, basi awe mume wake. Sote tuliona ni neno la heshima. Kavumbi akavuliwa, Chome akavishwa. Hakuna aliyefikiri kwamba Kavumbi angeweza kumwacha mke wa mtu kutwa kucha bila madhara yoyote, na kwamba sisi, kwa heshima zetu, tulimtafutia yule mwanamke mtu pekee duniani ambaye talaka yake ingemshika.

Sinema ilitufikia wiki chache tu kabla ya siku hii, bubu. Maneno aliyasema mtu wa bara, aliyekaa ndani ya gari na kipaza sauti. Tukakaa uwanjani, Chome akatokea kwenye shuka, mkubwa kama mnazi wake, kidole amekinyosha, mdomo unafunguka na kufumba, na kipaza sauti kikalia: "Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha!" Wanawake walishika vifua. Kulipokucha Mzee Boga akaja kumchukua Mwanapili mpaka kwake Milalani, akae eda. Gari likaenda likaonyesha Gazi, likaonyesha Ukunda.

Talaka tatu si jambo la kuombana radhi. Mwanamke hamrudii mume yule mpaka kwanza aolewe na mwingine, na huko aachike. Chome alilijua hilo. Ndiyo maana kaimati za kuungua alizila bila kuziona.

Hakimu: Kesi yenyewe nyepesi. Sauti ilikuwa ya nani? Ya yule wa gari. Basi aliyeacha ni yule wa gari.

Depo: Amemwacha Mwanapili?

Hakimu: Atamwachaje asiyemwoa? Amemwacha mkewe mwenyewe, huko bara. Na hana habari, anampikia tu.

Mimi: Nani hana habari?

Hakimu: Wote wawili.

Tiketi: Lakini mdomo ulikuwa wa Chome.

Hakimu: Mdomo bila sauti ni tundu.

Depo: Mnahangaika na mdomo, hesabuni mara! Gari limeonyesha hapa, limeonyesha Gazi, limeonyesha Ukunda. Kila mahali tatu. Tisa hizo.

Chome: Tisa!

Hakimu: Sheria haina tisa. Zinazozidi tatu zinapotea bure.

Chome: Zinapotea wapi? Zisije zikamwangukia mtu mwingine!

Depo: Tulia, ndugu yangu, dawa ninayo mimi. Kule depo kulikuwa na askari wa mashine, mtu wa mzaha. Sinema ikiisha aliizungusha kinyumenyume tucheke. Mtu aliyejitupa majini anatoka miguu mbele, mkavu, anasimama juu ya ubao. Sigara inarefuka. Yai lililovunjika linajifunga. Kwa macho yangu! Basi na yale maneno wakiyazungusha hivyo, yanarudi mdomoni. Talaka imemezwa.

Tiketi: Kuizungusha ni lazima. Wakimaliza pahala huirudisha yote mwanzo, la sivyo hawawezi kuionyesha tena.

Chome: Kumbe! Basi kila walipoionyesha nimemwacha, na kila walipoizungusha nimemrudia!

Hakimu: Polepole. Mwisho wa sinema mnapatana, sivyo?

Chome: Tunapatana. Kando ya choo.

Hakimu: Ikirudi nyuma, kitu cha kwanza kuvunjika ni kupatana.

Depo: Halafu choo kinafukiwa.

Hakimu: Choo kinafukiwa, bwana afya anaondoka kitako mbele, ndipo maneno yanaingia mdomoni. Kwa hesabu hiyo unabaki na mke, huna choo.

Chome: Choo sikitaki!

Mimi: Ndivyo ulivyosema kwenye sinema.

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Chome alisimama, akakaa, akasimama tena.

Chome: Mnanichezea. Nimesema mara ngapi? Sikumwacha. Mzungu aliniambia nikunje uso, nionyeshe kidole, nifungue mdomo, niseme lolote, kwani mashine haina masikio. Lolote sikuwa nalo. Nikahesabu nazi.

Hakimu: Ukahesabu mpaka ngapi?

Chome: Mpaka tatu. Akainua mkono kwamba inatosha.

Hakimu akaliweka dele chini. Huwa haliweki chini.

Hakimu: Umesimama mbele ya mkeo. Umekunja uso. Umemwonyesha kidole. Ukasema moja, mbili, tatu.

Chome: Nazi!

Hakimu: Nazi ulizitaja?

Chome: Zilikuwa moyoni.

Hakimu: Moyoni! Chome, ungenyamaza tu, ungekuwa na nafuu. Nimesimama mahakamani miaka, sijaona mtu aliyejitetea mpaka akajifunga hivi.

Mimi: Angehesabu mpaka nne.

Depo: Angehesabu kwa Kiduruma.

Chome akamgeukia Tiketi, akamshika bega.

Chome: Ndugu yangu. Wewe unasoma mdomo wa Mhindi anayezama. Wangu umeuona hapa, ukaufuata Gazi kwa miguu. Mwambie mwalimu umeona nazi.

Tiketi: Unataka maoni yangu juu ya sinema ya choo?

Chome: Nataka ushahidi!

Tiketi: Utapata maoni. Mume mbovu. Anasimama kama mwiko, hasira yake ni ya mtu aliyekanyaga mwiba. Bwana afya anajitazama viatu. Mke mzuri sana. Choo chenyewe kimeigiza vizuri kuliko mume. Sirudii.

Chome: Una kinyongo! Kwa sababu ulichaguliwa wewe, ukavuliwa!

Tiketi: Ninacho, kwa nini nisiwe nacho? Ningekuwa mimi, leo Mwanapili yuko kwake anakuna nazi zako, na talaka yangu imepeperuka mpaka Wasini. Nyinyi ndio mliotaka heshima. Basi kunyweni.

Chome: Mdomo wangu ulisema nini?

Tiketi: Ulisema tatu.

Chome: Tatu ya nini?

Tiketi: Mdomo hauonyeshi ya nini. Na mimi siapi kwa nazi nisizoziona. Mwalimu anikalie kooni, Boga aje na bakora, wewe ulie hapa mpaka magharibi, siapi. Uongo nautazama Mombasa kila mwezi, nauheshimu, lakini sitausema msikitini.

Nilimtazama Kavumbi nikaona kumbe ana uti wa mgongo. Miaka yote nilidhani ni suruali tu.

Chome alipoona hivyo naye akapandwa na mori. Mtu wa maneno machache akiyapata hujui atayaweka wapi.

Chome: Haya! Msiape! Mwalimu na aje na kitabu chake, Boga na aje na ukoo wake wote, gari na lije lipige kelele mpaka lipasuke. Mimi sikumwacha mke wangu, na sasa hivi naingia nyumbani kwangu!

Akavuka njia kwa hatua kubwa mpaka kwenye nyumba, ambayo iko ng'ambo tu ya benchi letu, akasukuma mlango.

Mimi: Nyumba ya nani hiyo?

Akasimama. Nyumba ilikuwa ya Mwanapili, aliachiwa na bibi yake mzaa mama, na ufunguo ulikuwa Milalani pembeni mwa leso yake. Chome akarudi, akakaa mahali palepale.

Sijui ni nani aliyemwona kwanza. Mwanapili alikuja kwa njia ya Milalani, bunda kichwani, mkeka kwapani, bila kuharakisha. Akatua mbele ya karai langu.

Mwanapili: Shikamoo, Bi Chiku.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Eda imekwisha?

Mwanapili: Eda ya nini?

Hakimu: Mwanapili, si vyema. Mwanamke aliyeachwa hatoki ovyo kabla ya...

Mwanapili: Nimeachwa na nani, Mbwana?

Hakimu: Ndilo tunalolichunguza.

Mwanapili: Mmemuuliza nani?

Hakimu: Tumemuuliza Tiketi.

Mwanapili: Siku ile niliketi mkekani, mtu amenisimamia hivi, mate yake yananirukia usoni. Aliyerukiwa na mate alikuwa Tiketi?

Depo akaanza kukuna goti.

Mwanapili: Alihesabu. Moja, mbili, tatu, sauti ya mtu anayeomba maji. Nimesikia kwa masikio haya. Angeniacha, ningekuwa nimefungasha kabla mashine haijazimwa, wala nisingemngoja mjomba aje kunibeba. Mwalimu akija nitamwambia, na kuapa nitaapa. Mjomba nimemwambia leo asubuhi. Amekasirika. Na akasirike.

Hakimu: Sasa wiki zote hizo Milalani ulinyamaza kwa nini?

Mwanapili: Sikunyamaza. Sikuulizwa. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aje aniulize, na njia anaijua.

Chome hakulisikia hilo. Alikuwa ameshasimama, mikono juu.

Chome: Alhamdulillahi! Mmesikia? Nazi! Nazi, nimewaambia! Hakimu, mmesikia? Tiketi!

Akainama kulichukua bunda.

Mwanapili: Weka chini.

Akaweka.

Mwanapili: Ulipomaliza kuhesabu, mimi nilikujibu. Mzungu alinionyesha ishara na mimi niseme, nikasema, tena kwa kirefu. Kwenye shuka nimo, mdomo wangu mkubwa kama wako. Nilisema nini?

Chome akamtazama mkewe, halafu akamtazama Tiketi.

Tiketi: Mimi... pale nilikuwa bado namtazama yeye. Namna alivyosimama vibaya.

Depo: Kipaza sauti hakikusema kitu hapo.

Hakimu: Mlalamikiwa ndiye aliyekuwa... maana kwa kawaida, maneno ya mke baada ya...

Akatikisa dele, likawa halina sauti. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua imekwisha saa ngapi. Wakanigeukia mimi, mwanamke mwenzake. Nikageuza kaimati.

Mwanapili: Wewe hukuwa kwenye uwanja wa sinema, Chome, ulikuwa mbele yangu. Hatua moja. Nilisema nini?

Chome: Nilikuwa namtazama mzungu.

Mwanapili akajitwika bunda lake, akavuka njia, akafungua mlango, akaingia. Tulisikia komeo likipita. Halafu sauti yake, wala haikuwa ya hasira:

— Ukikumbuka, bisha hodi.

Chome akamfuata mpaka mlangoni, akaweka mdomo kwenye ubao.

— Ulisema nichimbe choo!

— Huyo ni bwana afya.

— Ulisema watoto wanaumwa!

— Huyo ni mtu wa kipaza sauti.

— Ulisema umechoka nami!

— Hilo nalisema leo. Siku ile nilisema jingine.

Hakimu akataka kwenda kumsaidia kukisia. Nikamwambia akae. Alikaa. Ndani tulisikia ufagio, mtu anatoa vumbi la nyumba iliyofungwa. Swala ya alasiri ilipokwisha tukamwona mwalimu ametokea kwenye kona ya msikiti na Mzee Boga pembeni yake, na Chome alikuwa bado kizingitini, macho ameyafumba, midomo inamcheza bila sauti, anajaribu maneno ya mkewe, moja baada ya jingine.